Binamu kapanga tulale Nyororo mwezi wa nane: niende au nijitoe?

Mshauri wa safari,

Habari za kazi. Ninaandika kutoka Njombe. Tuko watano: mimi, mdogo wangu wa kike, binamu yetu, na wenzangu wawili wa kazini. Likizo yetu inaanza Jumamosi tarehe 8 Agosti 2026, siku ya Nane Nane, na Jumatatu tarehe 17 lazima tuwe kazini. Tunakwenda funguvisiwa la Mafia. Mratibu ni binamu, na ratiba yake ni hii.

Jumamosi Njombe hadi Dar. Jumapili tunafika Nyamisati na usiku tunavuka kwa mashua ya mizigo, maana ameambiwa nauli yake ni nafuu. Jumatatu tunaogelea na papa potwe. Jumanne Chole na magofu ya Kua. Jumatano mpaka Ijumaa tunakodi mashua ya tanga, tunapita Jibondo na kwenda kulala kwenye mahema kisiwa cha Nyororo. Hapo ndipo roho yake ilipo, kwa sababu amesoma kwamba mwaka 1914 Waingereza walirusha ndege kutoka Nyororo kuitafuta manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha delta ya Rufiji. Jumamosi tunaona kasa wakianguliwa Juani, jioni tunavuka kurudi bara, Jumapili Njombe.

Wanaojua kuogelea ni wawili tu, nao wamejifunzia kwenye bwawa. Mimi sijawahi kupanda chombo cha baharini kikubwa kuliko kivuko cha Kigamboni. Nikiuliza maswali naambiwa mimi ni mwoga wa milimani. Mchango nimeshatoa, na mama kila jioni ananiuliza kama bado tunakwenda.

Je, nijitoe? Na kama mpango unarekebishika, tuanzie wapi, na nimwambieje binamu bila kugombana?

Mwoga wa Milimani, Njombe

*

Dada yangu,

Usijitoe. Safari hii inarekebishika, na maswali yako ndiyo yanayotakiwa. Kosa la binamu ni moja na mengine yote yamezaliwa humo: ameipanga bahari kwa siku na nauli, kama mtu anayekata tiketi ya basi. Visiwani unaanza na upepo, unafuata maji kujaa na kupwa, halafu ndiyo unakuja kitanda na nauli.

Upepo kwanza. Agosti ni kusi, upepo unaotoka kusini. Upepo huu hushika karibu mwezi wa nne, hukazana katikati ya mwaka, na huanza kulegea kuelekea mwezi wa tisa na wa kumi. Ukivuma siku tatu mfululizo, bahari ya wazi upande wa kusini na mashariki ya Mafia huinuka, na nahodha mwenye akili hubaki ndani ya ghuba. Sasa itazame Nyororo: iko kaskazini-magharibi ya kisiwa kikuu, nje kabisa ya ghuba. Kurudi kutoka huko kwa tanga wakati wa kusi ni kupiga bisha njia nzima, chombo kikienda kushoto na kulia kuukata upepo unaokuja usoni, wimbi likiingia omoni, mbele ya chombo, na watu watatu wasiojua kuogelea wamelowa tangu saa ya kwanza. Tena kabla ya kurudi mnalala kwenye kisiwa kidogo ambacho upepo ukikazana hamtoki mpaka ulegee. Zaidi ya hayo, Nyororo ni eneo tengefu la bahari pamoja na Mbarakuni na Shungimbili, hivyo kupiga hema bila ruhusa ya wasimamizi wa hifadhi ni kosa. Wavuvi mtakaowasikia wakisema wamepiga dago, kambi ya uvuvi, kule ni watu waliozaliwa na bahari hiyo, na hata wao huchagua siku. Habari za ndege za 1914 ni za kweli na ninaelewa kwa nini zinamvuta. Nyororo iondoeni kwenye safari hii. Mwenye hamu nayo aipange wakati wa tanga mbili, pale kusi inapoondoka na kaskazi haijashika, akiwa na boti ya injini na kibali mkononi.

Potwe naye atakuponyokeni. Msimu wake mzuri upande wa Kilindoni ni Oktoba hadi Machi, anapokula karibu na uso wa maji. Agosti mtu anaweza kubahatisha, lakini kutoa pesa ya boti nzima kwa kubahatisha sikushaurini. Kasa ni kinyume chake: wa Juani huanguliwa zaidi kati ya Juni na Septemba. Wanyama hawa wawili hawakutani kwenye likizo moja, kwa hiyo ratiba inayowaweka wote ndani ya siku sita imeandikwa bila kuitazama kalenda. Ninyi mnakwenda wakati wa kasa, na ni wakati mzuri kweli. Siku mkirudi kwa ajili ya potwe, njooni Novemba. Mkae angalau mita 3 kutoka ubavuni mwake na mita 4 kutoka mkiani, na asiguswe.

Tuje kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wageni wengi wa bara wanapopoteza siku zao. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele, wastani wa dakika 50. Mwezi ukiandama au ukipevuka tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na Mafia tofauti ya juu na chini hupita mita 3. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, tofauti huwa ndogo. Pwani yetu ina tabia inayosaidia kukumbuka: siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku vilevile.

Mwezi unaandama tarehe 12 Agosti, katikati kabisa ya likizo yenu. Maana yake asubuhi ya tarehe 12, 13 na 14, kuanzia saa tatu hadi saa tano, maji yatakuwa yamekwenda mbali. Mtaona mafungu ya mchanga, nyasi za bahari zimelala, akina mama wanaokota pweza, na mashua zimekaa ubavu kwenye tope. Chombo kilichokaa hivyo hakisogei kwa pesa wala kwa maombi, kinangoja maji yarudi. Ndiyo sababu ukimwambia nahodha "tuondoke saa nne kamili asubuhi" siku ya bamvua anakutazama tu.

Kua inataka kinyume chake. Mji ule uko upande wa magharibi wa Juani, ng'ambo ya mkoko. Ulikuwa na misikiti na jumba la mtawala mpaka Wasakalava wa Madagascar walipouvamia mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa chombo mnaingia na maji yaliyojaa na mnatoka kabla hayajakimbia. Tarehe 11, Jumanne, maji yatajaa karibu saa tisa alasiri. Basi mfike Kua saa saba na nusu, mtembee, na saa kumi muwe mmeshapanda chombo. Mkijisahau kupiga picha mpaka saa kumi na moja na nusu, mnaweza kukaa kwenye tope la mkoko sehemu kubwa ya usiku na mbu wake. Saa ninazokupa ni za kukadiria. Mchukue jedwali la maji la mwaka huo mlisome pamoja na nahodha, kwa sababu katika mifereji ya mkoko maji huchelewa.

Ghuba ya Chole ndiyo nyumbani kwenu siku zote hizo. Imekingwa na visiwa na miamba, na hata kusi ikivuma kuna mahali pa kuogelea na kutazama matumbawe. Maji mazuri ya kuona samaki ni yale yanayoingia kutoka bahari kuu, kwa siku zenu ni kuanzia karibu saa tano asubuhi kwenda mchana. Msikaribie mlango wa Kinasi, njia ya ghuba kwenda bahari kuu, maji yanapotoka. Siku za bamvua ghuba nzima hutaka kumwagikia pale, mkondo unashinda miguu ya muogeleaji yeyote, na mkondo ukikutana na upepo wa kusi unaokuja kutoka nje, mawimbi husimama wima kama ukuta mfupi. Wanaojua kuogelea bwawani ndio ninaowahofia zaidi hapo, maana wanaamini wanajua.

Kuhusu kuvuka: pandeni kivuko cha Serikali, MV Kilindoni, kati ya Nyamisati na Kilindoni. Nyamisati iko ndani ya delta ya Rufiji, kwenye njia za maji zenye mafungu, kwa hiyo vyombo huondoka kwa kufuata maji na saa hubadilika. Pigeni simu kuuliza siku mbili kabla, na tena asubuhi ya safari, kabla hamjaacha barabara kuu pale Bungu. Kama Jumapili hakuna safari, laleni Dar muondoke Jumatatu. Mashua ya mizigo usiku nakataa bila kupepesa. Hubeba saruji, sukari na mabati, watu hukaa juu ya mzigo, wimbi la kusi hupiga ubavuni, na gizani hakuna atakayejua nani ameteleza. Hiyo nafuu ya nauli mtakuwa mmeilipia kwingine. Kama mna pesa ya ziada, ndege ndogo kutoka Dar hadi Kilindoni haifiki saa moja. Angalau jueni bei ya tiketi ya kurudi, kama akiba kivuko kikisimama.

Mkifika Kilindoni, toeni fedha taslimu hapohapo, noti ndogondogo, na msitegemee kutoa pesa mkishafika Utende, kijiji kilicho kwenye ghuba ya Chole. Kilindoni hadi Utende ni kama kilomita 15. Njiani kuna geti la hifadhi ya bahari, mnalipa kwa kila siku. Raia hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje, ila muoneshe kitambulisho cha NIDA, na risiti msiitupe, maana itaulizwa tena majini.

Sasa chombo, kwa sababu hata ndani ya ghuba mtahitaji mashua kwa siku mbili au tatu. Msikubaliane bei kwa simu. Nendeni mkakione kikiwa kimekaa mchangani, maji yakiwa yamekupwa, ndipo tumbo lake linaonekana. Tazameni maungio ya mbao: kalafati, yaani kizibo cha maungio hayo, ikitoka hubaki ikining'inia kama uzi wa pamba. Ingieni ndani mtazame ngama, maji yanayokusanyika chini ya chombo. Maji kidogo ni kawaida ya chombo cha mbao, lakini kama kimeelea saa moja tu na maji yamepanda kiganja kizima, tafuteni kingine. Mwulizeni baharia anafua ngama, yaani anayachota maji hayo, mara ngapi kwa siku na akuoneshe ndoo yake. Shikeni henza, kamba ya kupandishia foromali, ule mti unaobeba tanga, muizungushe vidoleni. Ikiwa imechakaa na nyuzi zinakatika, siku ya upepo itakatika na foromali itashuka juu ya vichwa vyenu. Nanga iwe na kamba ndefu, angalau mara tano ya kina mtakapotia nanga.

Injini ya nyuma, hata kama mnakwenda kwa tanga, iwepo. Ya farasi 15 ikisukumwa sana hunywa lita 5 hadi 7 kwa saa. Hesabu ya mafuta ni tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya kutoguswa. Kinachozimisha injini hizi mara nyingi ni maji yaliyoingia kwenye dumu la petroli, kwa hiyo petroli ichujwe kwa kitambaa kizito, na plagi ya akiba na spana yake viwe ndani ya chombo, vimefungwa kwenye nailoni ngumu.

Jaketi za kuokoa maisha ziwe tano zenu, na za mabaharia juu yake. Kuwepo hakutoshi. Siku ya kwanza pale Utende kila mmoja avae la kwake, afunge mikanda yote, aingie kwenye maji ya kifua na alale chali. Likipanda mpaka masikioni, mkanda umelegea au ni la mtu mwingine. Wewe na mdogo wako mlivae tangu mnapanda mpaka mnashuka, hata kama binamu atacheka. Fungeni filimbi kwenye kila moja.

Na jambo la bei ambalo watu hawalifikirii: mkubaliane na nahodha kwamba akisema "leo hatutoki", mtamlipa nusu ya siku. Nahodha anayejua kwamba akikataa watoto wake hawali, atatoka siku ambayo moyo wake umekataa. Nusu hiyo ndiyo bima yenu. Kila mkitoka, mtu wa nchi kavu, mwenye nyumba mnakolala kwa mfano, aachiwe jina la chombo, la nahodha, idadi ya watu, mnakokwenda, na saa ambayo msipoonekana apige simu. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa watumiaji wa bahari msome kila siku. Vimbunga si vya Agosti, lakini Mafia ilikutana na Hidaya tarehe 4 Mei 2024, na kule watu wanaitazama bahari kwa makini.

Ninyi watu wa Njombe mna jambo lenu pia. Malaria kwenu ni chache, kwa hiyo miili haina mazoea nayo kama ya wakazi wa Pwani. Nendeni kwa daktari wiki kadhaa kabla muulize dawa ya kinga, laleni ndani ya chandarua chenye dawa, na homa yoyote mkirudi, hata baada ya wiki tatu, pimeni na mseme mlikuwa Mafia. Kwa kichefuchefu cha bahari, mfamasia atawapa sinarizini. Humezwa kama saa mbili kabla ya kupanda, kwani ukishaanza kutapika haina kazi. Kuleni kidogo, mkate au ndizi, mkae katikati kuelekea nyuma, macho kwenye upeo wa bahari. Maji ya kunywa na kupikia wekeni lita 4 kwa mtu kwa siku, na siku ya Jibondo mbebe yenu kabisa, kwa sababu kisiwa kile kinasifika kwa mafundi wa majahazi lakini maji baridi ni shida.

Miguuni vaeni raba za zamani zenye kamba. Yeboyebo tope la mkoko huzivua na kuzimeza, halafu unakanyaga shefuu, yule wa miiba mirefu myeusi, au taa aliyejifukia mchangani. Tembeeni mkiburuta miguu ili taa asikie na kuondoka. Aliyechomwa na taa au na samaki afananaye na jiwe, mguu uingie kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Maji yajaribiwe kwanza na mkono wa mtu mwingine, kisha hospitali ya wilaya Kilindoni.

Ratiba yangu basi: Jumamosi tarehe 8 Dar. Jumapili kivuko, mlale Kilindoni. Jumatatu Utende, ofisi ya hifadhi, kukagua mashua, kujaribu jaketi. Jumanne Chole asubuhi, popo wakubwa wakiwa wamening'inia kwenye miti mchana kweupe, halafu Kua na maji ya alasiri. Jumatano asubuhi mafungu ya mchanga, na bahari ikiruhusu Jibondo maji yakijaa. Alhamisi kasa Juani. Ijumaa kivuko cha kurudi. Jumamosi msiipangie kitu chochote, ni ya kivuko kilichoahirishwa. Jumapili Njombe.

Kasa hawana saa yenu. Mayai hukaa mchangani karibu siku 50 hadi 60, na walinzi wa viota pale Juani, kazi inayofanywa na jamii pamoja na shirika la Sea Sense, huandika tarehe kiota kilipotagwa. Pigeni simu wiki moja kabla muulize viota vipi vinakaribia, na muwe tayari kubadilishana Alhamisi na Jumatano. Ufuko uko upande wa bahari kuu, mnatembea kwa miguu kuvuka kisiwa. Tochi nyeupe na taa za simu zizimwe. Vitoto hufuata mwanga, na kimoja kikikufuata wewe, kinaliacha wimbi. Simameni nyuma yao, msipange miguu kati yao na maji.

Vijijini mfunike mabega na magoti, kanga moja kwa kila mwanamke inatosha kazi nyingi. Wazee waamkieni kabla ya kuuliza njia.

Na binamu. Usimwendee na neno hofu, atalicheka tena. Mwendee na karatasi. Chora siku tisa zenu, weka mwezi tarehe 12, andika saa za maji kujaa na kupwa kila siku kutoka kwenye jedwali, halafu muombe aipange Kua, mafungu ya mchanga na kivuko juu ya karatasi hiyo. Amesoma mpaka kuhusu Nyororo ya mwaka 1914, kwa hiyo ni mtu wa kuchimba habari. Mpe kazi hiyo na aendelee kuwa mratibu. Mchango wenu wa Nyororo, siku tatu za mashua, ugawanyeni hivi: nusu iwe ya nahodha siku asizotoka, nusu iwe akiba ya tiketi za ndege. Na mama mwachie namba ya mwenye nyumba wa Utende, umwambie kila jioni utapiga simu saa moja, na siku mtandao ukikataa ampigie yeye.